Chokaa kwenye birika na dele: namna ya kuitoa bila kuharibu chombo

Fungua birika la umeme lililotumika miezi miwili Jambiani au Makunduchi, upitishe kidole chini. Utagusa tabaka jeupe, kavu, linalokwaruza. Wengi huliita uchafu, wengine chumvi. Ni jiwe. Unguja imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na mvua ikipenya ardhini huchukua gesi ya kaboni ya hewani na ya udongo, ikawa na ukali mdogo sana, lakini unatosha kuyeyusha jiwe. Maji yanafika kisimani yakiwa meupe pe, na jiwe limo ndani. Ukiyachemsha, ile gesi inatoka pamoja na mvuke, jiwe linakosa cha kulibeba, basi linaganda pale penye moto zaidi. Ndiyo maana koili hupata gamba kabla ya ubavu wa birika.

Maji ya mfereji mjini nayo hayajasalimika. Chemchemi za Mtoni na Bububu, na visima vinavyochimbwa kuongezea, vyote vinapita kwenye jiwe hilo hilo. Pemba kuna tofauti kubwa kati ya mahali na mahali: magharibi udongo ni mzito, lakini Micheweni ni maweni, na mabirika ya huko yanaonesha.

Chukua hesabu hii upate picha. Tuseme lita moja ya maji ina miligramu 250 za chokaa ya aina inayotoka kwa kuchemshwa. Nyumba inayochemsha lita 6 kwa siku inapitisha gramu 45 kwa mwezi, sawa na vijiko vitatu hivi vya chakula. Si zote zitakazoganda, nyingine zinaondoka na chai, ila zinazobaki ndizo zinazolichelewesha birika kuchemka na kula yuniti za umeme.

Kwanza ujue unachokitoa

Kosa linaloharibu vyombo vingi ni kutumia dawa kabla ya kujua doa. Ndani ya chombo cha chai au kahawa huwa kuna vitu vitatu, na kila kimoja kina dawa yake.

Chokaa ni nyeupe, kijivu au ya rangi ya mchanga. Tia tone la ndimu juu yake usubiri sekunde chache: ikitoa vipovu, ni chokaa. Dawa yake ni kitu kikali kama ndimu au siki.

Doa la chai na mafuta ya kahawa ni la hudhurungi mpaka jeusi, linateleza au linanata, na ndimu haitoi kipovu. Hili ndimu hailifai kitu. Linataka baikaboneti au magadi, pamoja na maji ya moto.

Chumvi yenyewe, kwa wanaotumia kisima chenye maji ya chumvi karibu na bahari, inabaki kama unga mweupe chombo kikikauka. Hiyo huyeyuka kwa maji matupu. Ukisuuza mara mbili ikaondoka, hukuwa na chokaa hata kidogo. Lakini usiiache ikauke humo siku baada ya siku, kwani chumvi hutoboa hata stili nzuri, na vidoa vidogo vya kutu vinavyojitokeza chini ya birika mara nyingi vinatokana nayo.

Ushauri wa kuchanganya siki na baikaboneti pamoja, unaozunguka kila pahala mitandaoni, upuuzeni. Vinafoka kweli, na povu linapendeza machoni, lakini kikali na kisicho kikali vinauana. Kinachobaki ni maji yenye chumvi kidogo yasiyotoa chokaa wala mafuta. Tumia kimoja, suuza, kisha kingine.

Dawa zinazopatikana hapa

Bora kuliko zote ni asidi ya sitriki, ule unga wa chembe nyeupe mfano wa sukari ambao wapishi wa achari na jamu hutumia kupata ukali. Haina harufu, ni nafuu, na haishikamani na mpira. Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni gramu 4 mpaka 5; kijiko cha chakula gramu 12 mpaka 15. Kipimo cha kazi nyingi ni vijiko viwili vya chakula kwa lita moja ya maji. Kwa hesabu ya karatasini, hicho kinaweza kuyeyusha gramu 17 au 18 za chokaa. Kwa vitendo hesabu nusu yake, kwa sababu asidi ikipungua nguvu kazi inakwenda polepole mno.

Siki nyeupe ya asilimia 5 inafanya kazi vizuri pia. Ichanganye na maji nusu kwa nusu. Soma chupa: ukiona asilimia 10 au zaidi, ongeza maji. Siki ya rangi ya hudhurungi iacheni ya kachumbari, maana harufu yake haitoki upesi kwenye plastiki.

Ndimu, wakati wa msimu, inatosha kwa gamba jepesi. Maji ya ndimu yana asidi ya sitriki kiasi cha gramu 50 kwa lita, hivyo bilauri isiyojaa sana ya maji ya ndimu (mililita 200, yaani ndimu 10 mpaka 13 ndogo) ukitia maji mililita 300 unapata karibu nguvu ile ile ya unga. Chuja kokwa na nyuzi. Kutia maganda ya ndimu mbili ndani ya birika lililojaa, kama wengi wanavyofanya, kunatoa harufu nzuri tu.

Ukwaju ni hodari wa kung'arisha shaba kwa nje. Kwa chokaa haufai: asidi yake ikikutana na chokaa inatengeneza unga mwingine usioyeyuka, na huo unakaa juu ya gamba kama kifuniko.

Asidi ya kusafishia vyoo na maji ya betri visikaribie chombo cha kupikia, kwani vinakula chuma chenyewe. Na usitie ndimu, siki wala sitriki kwenye chombo kilichokuwa na dawa ya klorini ya kutolea madoa mpaka kisuuzwe sana. Vikikutana hutoa gesi ya sumu, na jikoni kwetu madirisha ni madogo.

Birika la umeme

Hapa ndipo kazi inapokuwa nyingi, basi twende taratibu. Dalili za kwamba wakati umefika: linapiga kelele kama kokoto kabla ya kuchemka, linachukua muda mrefu kuliko zamani, linajizima maji yakiwa bado vuguvugu, au vipande vyeupe vinaelea kwenye kikombe. Hiyo ya kujizima mapema inawachanganya watu, wakadhani swichi imekufa. Chini ya bamba la moto kuna kifaa kinachokata umeme bamba likipata joto kupita kiasi. Gamba likizuia joto lisifike majini, bamba linaungua kwa ndani na kifaa kinakata, ingawa maji hayajachemka. Toa chokaa kabla ya kumpelekea fundi.

1. Chomoa birika kwenye kitako chake. Likishapoa, mwaga maji yaliyomo na usuuze vipande vilivyolegea.

2. Chomoa kichujio cha mdomoni kama kinatoka, ukiloweke peke yake kwenye kikombe cha dawa hiyo hiyo. Kichujio kilichoziba ndicho kinachosababisha maji kumwagika pembeni unapomimina.

3. Tia maji mpaka nusu ya birika, yafunike gamba lote ila yasipite hapo. Povu litapanda, na birika lililojaa litafoka mpaka kwenye swichi. Kama gamba limepanda juu ya nusu, fanya nusu ya chini kwanza.

4. Chemsha maji matupu, bila dawa. Yakichemka, zima, chomoa, acha kifuniko wazi dakika 20. Unataka maji ya nyuzi 70 hivi. Kuna sababu: sitriki ikichemshwa pamoja na chokaa nyingi hutengeneza unga mweupe kama mchanga laini unaotua chini, na huo unapenda maji ya moto kuliko ya baridi, yaani kadiri yanavyokuwa ya moto ndivyo unavyoganda. Mtu anaona weupe upo, anaongeza dawa, anachemsha tena, weupe unazidi.

5. Tia dawa kidogo kidogo, kijiko kimoja cha chakula kwa kila nusu lita. Subiri povu lishuke ndipo uongeze. Anayetumia siki atie siki baridi kiasi sawa na maji yaliyomo (basi aanze na robo birika la maji), na asiinamie mdomo wa birika. Mvuke wake unachoma macho na kifua.

6. Acha nusu saa. Gamba la miezi sita na zaidi liache saa mbili, au usiku kucha ikiwa birika ni la stili au la kioo.

7. Mwaga, pangusa kwa dodoki au kitambaa. Usitumie kisu, kijiko wala waya wa kusugulia. Mikwaruzo unayoiacha ndiyo itakayokuwa makazi ya gamba jipya, na mara ya pili litashika upesi zaidi.

8. Suuza mara mbili, kisha jaza maji, chemsha, mwaga. Kwa siki rudia mara mbili au tatu. Onja maji ya mwisho yakishapoa.

Vipovu vikikoma na weupe bado upo, usikisie. Mwaga dawa, tia tone la ndimu mbichi juu ya weupe ule. Ukitoa vipovu, dawa ilikuwa imeisha nguvu, tengeneza nyingine. Usipotoa, chokaa imekwisha na kilichobaki ni ule unga wa sitriki tuliousema: mara nyingi dodoki linautosha, au uloweke kwa siki iliyopunguzwa nguvu, ya baridi, saa moja. Gamba nene kuliko milimita mbili halitoki kwa mara moja hata ufanyeje. Mara tatu za dawa mpya ni bora kuliko mara moja ya dawa kali.

Birika zima halitumbukizwi ndani ya ndoo kwa hali yoyote. Na ile hita ya kuchovya ya koili, inayowekwa ndani ya ndoo ya maji, nayo husafishwa hivi hivi: ichomoe ukutani, simamisha koili tu ndani ya jagi la sitriki vuguvugu, kichwa chenye waya kibaki nje juu ya dawa. Hita yenye gamba nene ndiyo inayopasuka koili siku moja bila taarifa, na koili iliyopasuka ndani ya maji inaua mtu. Ukiona ufa au uvimbe, itupe.

Mabirika ya jikoni, kwa kufuata chuma chake

Stili: fanya kama birika la umeme, bila wasiwasi.

Aluminiamu, lile birika jepesi linalokaa juu ya seredani karibu kila nyumba, linataka uangalifu. Asidi ikimaliza chokaa inaanza kula aluminiamu yenyewe, na magadi yanaila kwa kasi zaidi na kuifanya nyeusi. Tia kijiko kimoja tu cha chakula cha sitriki kwa lita, maji vuguvugu, dakika 15 mpaka 20, huku ukiangalia. Likibaki gamba, rudia kesho. Weusi unaobaki ndani ya aluminiamu si uchafu, ni ngozi ya chuma chenyewe. Ukisugua mpaka kimeremete umekiondolea kinga. Gamba jembamba la chokaa ndani ya birika la aluminiamu halina madhara kwa mnywaji, na ukiliacha hujakosea.

La enameli linavumilia siki na sitriki, isipokuwa palipomeguka. Hapo chuma kiko wazi na kitashika kutu siku hiyo hiyo. Suuza, likaushe juu ya moto mdogo.

Bati lenye zinki, lile la kijivu lenye maua maua kama bati la kuezekea, usilitie kitu kikali chochote. Zinki inayeyuka na kuingia kwenye chai. Chombo cha namna hiyo kisichemshiwe kinywaji kabisa.

Dele la kahawa

Dele lina tabu yake peke yake, na mwongozo wa birika la umeme ukiufuata hapa utashindwa. Kahawa ya barazani haichemshwi mara moja ikanywewa. Inakaa juu ya makaa saa nyingi, ikipungua inaongezwa maji, ikipungua inaongezwa tena. Maji yanakwenda hewani, chokaa yake yote inabaki, na kila tabaka la chokaa linafunikwa na tabaka la mafuta ya kahawa. Baada ya miezi, ndani ya dele kunakuwa kama keki: jeusi, jeupe, jeusi, jeupe. Ukitia ndimu, inakutana na mafuta na haipenyi. Ukitia magadi, yanatoa tabaka la juu na kukwama kwenye chokaa. Ndipo mtu anaposema dele limeshakufa.

Kwanza chunguza chuma chake. Sumaku ikishika, ni bati la chuma: kazi fupi, kausha mara moja. Isiposhika na dele ni zito na la njano, ni shaba ya njano. Angalia ndani kwa tochi. Dele zuri la shaba limepakwa bati ndani, rangi ya fedha iliyofifia, ili kahawa isiguse shaba. Ukiona manjano au wekundu ndani, lile tabaka limekwisha. Dele hilo usilichemshie kahawa mpaka fundi alipake upya, na usililoweke kwa kitu kikali, kwani asidi inatoa shaba na kuitia kwenye kinywaji. Shaba nyingi inatapisha. Rangi ya kijani kwenye mdomo au kwenye maungio ni onyo la hilo hilo.

Dele lenye ngozi yake nzima ndani husafishwa hivi:

Mimina maji ya moto mpaka robo tatu, tia vijiko viwili vya chakula vya baikaboneti kwa lita. Hakikisha ni baikaboneti yenyewe, si bekingi poda, ambayo imeshachanganywa na kikali na wanga. Weka juu ya moto mdogo dakika 20, isichemke kwa nguvu. Maji yatageuka rangi ya chai nzito. Mwaga, sugua kwa brashi laini ya chupa yenye mkono mrefu, suuza mpaka maji yatoke meupe.

Sasa upande wa pili. Maji vuguvugu, kijiko kimoja cha chakula cha sitriki kwa lita, dakika 10 tu, dele likiwa mbali na moto. Likitoa vipovu umefika kwenye tabaka la chokaa. Vipovu vikikoma mapema, umekutana na mafuta tena: suuza sana, rudi kwenye baikaboneti. Badilisha hivyo mara tatu au nne kwa dele la miaka. Kila zamu inaondoa tabaka moja, kama kumenya kitunguu. Usiongeze muda wa asidi ili upunguze zamu, maana atakayefaidika hapo ni fundi wa kupaka bati, na wewe ndiye utakayemlipa.

Mdomo wa dele husahauliwa. Ni mwembamba, na chokaa hujikusanya pale unapoungana na tumbo, mpaka kahawa ikawa inatoka kwa matone. Liinamishe ili dawa ijae mdomoni, liegemeze kwa kitambaa, kisha pitisha uti wa ukuti. Chelewa ni saizi yake hasa, inapinda bila kukwaruza.

Nje ng'arisha upendavyo kwa ukwaju au ndimu na majivu yaliyochekechwa, ila suuza kabla halijakauka, vinginevyo madoa ya waridi yatabaki.

Chupa ya chai

Chupa hupata doa la hudhurungi kuliko chokaa. Maji ya moto, kijiko kimoja cha chakula cha baikaboneti, saa moja. Mwaga, suuza. Ukiona weupe chini, tia kijiko cha chai cha sitriki na maji ya moto nusu chupa, nusu saa. Usiifunge. Chokaa inayoyeyuka inatoa gesi, na chupa iliyofungwa itarusha kizibo au kupasua kioo cha ndani. Ukufi wa mchele mkavu ukiutikisa na maji kidogo unasaidia kusugua usipofika mkono, ila kwa chupa ya kioo tikisa kwa upole. Ukisikia sauti ya vigae, basi ndiyo imekwisha. Kizibo kichemshe peke yake, mpira wake ndio unaonuka.

Moka na mashine za kahawa

Moka ile ya Kiitaliano ya kukazwa katikati nyingi ni za aluminiamu, hivyo kanuni za aluminiamu zinahusika. Jaza chumba cha chini maji yenye sitriki kwa kipimo kile kile cha aluminiamu, usipite vali, kaza bila kahawa, weka juu ya moto mpaka maji yapande, zima, acha dakika 10, mwaga. Fanya tena mara mbili kwa maji matupu, kisha pika kahawa moja ya kumwaga. La muhimu kuliko usafi ni ile vali ndogo ya shaba ubavuni: ikizibwa na chokaa, mgandamizo hauna pa kutokea. Isukume pini yake kwa ndani kwa njiti kila unapoosha. Ikikataa kucheza hata baada ya kuloweka, usiiweke motoni mpaka upate vali nyingine. Pete ya mpira (washa) ikikauka na kupasuka, mvuke unatokea pembeni na kahawa haipandi. Watu huisingizia chokaa.

Mashine ya kudondosha yenye tangi na karatasi hupika lita moja kwa dakika 8 mpaka 10. Ikifika 15, ikitoa mvuke mwingi na kukoroma, mrija wake umeziba. Yeyusha gramu 20 mpaka 25 za sitriki kwenye lita ya maji baridi pembeni, zikoroge mpaka ziishe, ndipo umimine tangini; chembe zikiingia nzima zinakwama kwenye kivali kidogo cha mrija. Washa, subiri nusu ipite, zima nusu saa, washa imalizie. Kisha matangi mawili au matatu ya maji safi. Siki humu ni mateso: harufu yake inashika mipira na utainywa wiki nzima.

Kwa mashine za espreso na za vidonge vya kahawa fuata kitabu chake. Nyingine zina aluminiamu kwa ndani na watengenezaji wake wanakataza siki. Kitabu kisipokataza sitriki, gramu 20 kwa lita, na zungusha yote bila kukatisha njiani. Umeme ukikatika katikati, ukirudi tu isuuze kabla ya kuendelea. Dawa iliyolala ndani ya mashine usiku kucha ndiyo inayoleta kazi ya fundi.

Mara ngapi, na kuhusu maji yenyewe

Maji ya kisima cha maweni: kila wiki tatu au nne. Mfereji wa mjini: kila mwezi mmoja na nusu hivi, ukiangalia bamba, si kalenda. Dele la kila siku, baikaboneti kila wiki na asidi mara moja kwa mwezi. Wengi hufanya usafi mkubwa kabla ya Ramadhani, na ni wakati mzuri, kwa sababu mwezi huo birika halipoi kuanzia futari mpaka daku.

Kinachopunguza kazi zaidi ya dawa yoyote ni kutoacha maji birikani usiku, na kuchemsha kiasi unachohitaji tu. Chujio la udongo linatoa vijidudu na tope, halitoi chokaa. Njia ya bei ndogo ni kuchemsha maji ya siku nzima kwenye sufuria moja, kuyaacha yatue usiku, asubuhi kuyamimina polepole bila kutikisa chini. Sufuria itachukua gamba kwa niaba ya birika, na sufuria ni rahisi kuisugua.

Maji ya mvua ya masika na vuli hayana chokaa karibu yoyote, na kahawa yake ni nyepesi na tamu zaidi. Mvua ya mwanzo iache ioshe paa kwanza, na ya kunywa ichemshe kama maji mengine. Ila ukiyahifadhi kwenye tangi jipya la saruji, chokaa itakuwemo. Saruji mbichi inatoa chokaa yake, na mwenye tangi hilo atashangaa kuona birika lake linaganda kuliko la jirani mwenye kisima. Jaza, acha wiki, mwaga, rudia mara mbili au tatu kabla ya kuyatumia jikoni. Hayo ya mwanzo yamwagie minazi.